Maziwa ni nini hasa? Neno moja lililogharimu ndama

Ujumbe uliingia Jumamosi saa mbili usiku: "Afisa maziwa yamekatika yote. Nimeitwa mwizi mbele za watu."

Ujumbe huo bado ninao kwenye simu, sijaufuta. Ndiyo maana leo, vijana wenzangu wa ufugaji biashara, sianzi na chanjo wala malisho. Naanza na neno. Neno lenyewe ni maziwa. Najua kuna atakayesema huyu afisa leo kakosa cha kuandika. Nivumilieni kidogo, maana kuna ndama alikufa hapa katikati, na sehemu ya lawama ni yangu.

Aliyetuma ujumbe ni kijana wa kijiji cha jirani na Lituhi, kando ya Mto Ruhuhu. Alikuwa amekusanya hela ya mpunga misimu miwili akanunua mtamba chotara mwenye mimba kutoka Mbinga juu, kule kwenye baridi na kahawa. Huku kwetu ziwani, mita kama 475 tu juu ya usawa wa bahari, joto ni la kweli, na watu wengi wamezoea dagaa, mihogo na mpunga kuliko ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo kijana alikuwa anafanya jambo ambalo majirani walikuwa wanalitazama kwa jicho la pembeni. Hata kabla mtamba hajazaa alishaongea na mama mmoja mwenye mgahawa pale Lituhi, wakakubaliana: ukianza kukama, lita zako zote naanza kuchukua mimi.

Mtamba akazaa Ijumaa jioni. Ndama jike! Ukiwa mfugaji unajua furaha yake. Jumamosi asubuhi kijana akakama, akapata lita sita hivi, nzito, rangi ya njano ya kuvutia. Akafurahi kwamba ng'ombe wake ana mafuta mengi. Akapanda bodaboda, akapeleka. Mama akaweka jikoni ili achemshie chai. Yakaanza kushikana, yakawa mabonge kama mayai ya kuvuruga. Sufuria nzima. Wateja wamekaa wanasubiri chai. Mama akamgeukia, "Wewe kijana umeniwekea nini humu?" Hayo mengine mnaweza kuyamalizia wenyewe.

Jumatatu nilipofika bandani nilimkuta ndama amelala, masikio yamelegea, anaharisha. Nikauliza amenyonya nini. Akaniambia siku ya kwanza alimwekea kidogo tu, mengine aliyahifadhi kwa ajili ya mgahawa, na Jumapili alimpa maziwa akiyapunguzia makali kwa maji ya moto. Jumatano ndama akafa.

Sasa ngojeni niwaambie kilichoniuma. Kijana huyu alikuwa kwenye semina yangu miezi miwili kabla. Alikaa mbele. Alikuwa anaandika. Nikamwuliza, "Kaka, si tulifundishana kuhusu maziwa ya mwanzo?" Akaingia ndani akatoka na daftari, akanionyesha. Alikuwa ameandika vizuri kabisa: "Ndama apewe kolostramu, saa 6."

Na akafanya hivyohivyo. Jumamosi, akitoka mgahawani ameshatukanwa, alipitia duka la dawa za mifugo kuulizia kolostramu, maana aliamini ni dawa, na alitaka kumpa ndama saa sita mchana kama nilivyosema. Wakamwambia hatuna. Akarudi nyumbani.

Mimi nilisema "kolostramu ndani ya masaa sita." Yeye akasikia dawa inayoitwa kolostramu, inayotolewa saa sita. Ukiisoma hiyo sentensi kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, yeye ndiye aliyeielewa sawasawa. Aliyekosea kuongea ni mimi. Stashahada yangu ilikuwa inaongea na stashahada, wakati aliyekaa mbele yangu ni mkulima.

Bibi yake alikuwa amekaa kwenye mkeka anapeta mchele. Nilikuwa nimemsalimia shikamoo bibi, akaitika marahaba, akanyamaza muda wote. Ndipo akasema, taratibu tu, "Kwani nyie mlimnyima dang'a?"

Nikamwomba arudie. "Dang'a. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Yale hayauzwi, yale ya ndama." Nikamwuliza neno hilo kalijulia wapi. Akanieleza kwamba marehemu mumewe alikwenda Tanga kukata mkonge, kama wanaume wengi wa kusini enzi zile walivyokwenda, naye akamfuata, na huko waliishi jirani na wafugaji. Mjukuu wake akamwangalia. Neno lililokuwa linaokoa ndama lilikuwa nyumbani kwao siku zote, kwenye mkeka, na mimi nilikuwa nimeleta la Kilatini.

Dang'a. Lipo kwenye kamusi, halina uzushi wowote. Tangu siku hiyo silisemi tena lile lingine kwenye semina, isipokuwa mtu akisoma kwenye kopo la unga wa ndama.

Basi nikaanza kuyafuatilia haya maneno, jioni jioni, nikiwa nimemaliza ripoti. Nikagundua kwamba neno maziwa lenyewe lina mambo mengi kuliko nilivyofikiri.

Tuanze na linalotuhusu watu wa ufukweni. Kwa nini maziwa tunayokunywa na ziwa tunalovulia yanaitwa kwa neno moja? Swali hili niliulizwa siku moja na mwanafunzi wa sekondari, nikacheka nikakwepa. Ziwa Nyasa likiwa moja ni ziwa, yakiwa na Tanganyika na Victoria ni maziwa. Ziwa la mama likiwa moja ni ziwa, yakiwa mawili ni maziwa. Na kinachotoka humo ni maziwa pia, ila hicho hakina umoja. Huwezi kwenda dukani ukaagiza "ziwa moja" ukimaanisha lita moja. Kiko kwenye kundi moja na maji, mafuta, mate: vitu vya kumiminika ambavyo Kiswahili kinavianzisha kwa ma- na havihesabiki mpaka uviweke kwenye chombo.

Sarufi haikusaidii kuyatenganisha. Ukisema "maziwa haya yamechafuka", mimi wa mifugo nitakimbilia ndoo, na mwenzangu wa uvuvi atakimbilia boti. Kuna kijana wa mafunzo kwa vitendo aliwahi kuona barua yenye maneno Ukanda wa Maziwa Makuu, akaniuliza kama ni mradi wa ng'ombe wa kisasa. Nilicheka, ila swali halikuwa la kijinga.

Wanaochunguza lugha za Kibantu wanaifuatilia ziwa ya maji mpaka kwenye mzizi wa kale unaotamkwa kama diba, maana yake kina cha maji yaliyotulia, kidimbwi kikubwa, shimo la mto. Ndugu zake wako kusini yetu kote: Wachewa ng'ambo ya ziwa wana dziwe, Washona wana dziva, Wazulu wana isiziba, na wote hao wanamaanisha kidimbwi au sehemu ya mto yenye kina. Sisi Waswahili ndio tuliolikuza neno mpaka likatosha maji yenye kina cha mita 700.

Maziwa ya kunywa nayo yana ndugu zake, lakini wao wako pwani: Wagiriama wanasema maziya, Wakomoro wanasema dziwa. Halafu kuna kitu kilichonishangaza. Wakikuyu wa Kenya wanaita maziwa iria, na ziwa au bahari wanaita iria. Wako mbali na pwani, wako mbali na sisi, na bado wana jozi ileile. Kwangu hiyo inaonyesha kwamba mambo haya mawili yamekaa pamoja masikioni mwa watu kwa muda mrefu sana. Ukikaa Lituhi asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, ziwa limetulia limekuwa jeupe mpaka Malawi, husumbuki sana kuelewa.

Na kwa kuwa tuko hapo hapo: "Ziwa Nyasa" ni kusema ziwa mara mbili. Nyasa, kama ilivyo nyanja na nyanza, kwa lugha za watu wa ukanda huu ni maji makubwa. Livingstone alifika upande wa kusini wa ziwa mwaka 1859, akachukua neno la kawaida la wenyeji akalifanya jina kwenye ramani. Hayo si ya ng'ombe, nimepitia tu.

Turudi bandani. Nilipokuwa chuo, mwenzangu wa chumbani alikuwa Msukuma, akipiga simu kwao alikuwa anauliza habari za mabele. Nilidhani anaongea habari za nafaka, mawele. Kumbe mabele ni maziwa. Waganda wana amabeere, Wanyanja wana mabere kwa maana ya matiti, Wazulu wana amabele, na ukienda Kongo kwenye Kilingala unakuta mabele tena. Hili ndilo neno la Kibantu lililosambaa kuliko yote kwa habari za titi na maziwa, na Kiswahili kinaonekana kama kimelitupa. Hakijalitupa. Liko kwenye kiwele! B ya kale kwetu inageuka w, na kiwele cha ng'ombe ni mtoto halali wa lile bele. Kila mnapoosha kiwele kabla ya kukama mnashika neno lenye umri wa maelfu ya miaka.

Kama mlikuwa hamkioshi, basi tuongee. Maji ya uvuguvugu, kitambaa safi kwa kila ng'ombe, kausha. Kama umeosha halafu hujakausha, maji machafu yanateremka kwenye chuchu yanaingia kwenye ndoo, na umefanya kazi ya bure.

Kukama nako kuna asili yake. Mzizi wa kam- kwenye Kibantu ni kubana, kuminya mpaka kitoke, ndiyo maana tunakama ng'ombe na tunakamua chungwa. Waingereza, ambao lugha yao haina undugu na yetu hata kidogo, wamefika palepale: neno lao milk linatokana na kitenzi cha kale sana chenye maana ya kusugua na kuvuta kwa mkono, kile kile kilichozaa mulgere ya Kilatini, kukama. Yaani wao waliupa ute jina la kazi ya mkono. Na emulsheni, hiyo mnayoisikia kwenye chupa za dawa na rangi, imetoka humohumo. Wagiriki waliita maziwa gala, na kutoka hapo yakapatikana majina ya ule mkanda mweupe wa nyota angani.

Na watu wa Afrika Mashariki tulianza lini kunywa? Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza ukoga ulioganda kwenye meno ya watu wa kale. Walikuta protini za maziwa kwenye meno ya watu waliozikwa huko Sudan miaka kama 6,000 iliyopita, na kwa upande wa Kenya, Lukenya Hill, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kwa hiyo ukiambiwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ni jambo la kizungu, una la kujibu.

Maneno mengine ya kwenye biashara yetu yaliingia kwa jahazi. Samli na jibini ni za Kiarabu. Mala ya Kenya ni maziwa lala yaliyofupishwa. Mtindi ni wetu, lakini jihadharini nao: kijana mmoja aliandika ubaoni "MTINDI UPO BARIDI" barabarani na jioni akapata wateja ambao hawakuja kwa ajili ya maziwa. Mtaani kupiga mtindi ni kulewa. Nilimshauri aongeze neno maziwa mbele.

Kuna usemi mmoja ambao nautumia sana kwenye semina, kumwachisha ziwa ndama. Wazee wanaelewa papo hapo. Vijana wa hapa Lituhi wengine wananitazama kama nimesema ndama azuiwe kwenda ufukweni. Ni kumwachisha kunyonya tu.

Sasa tuje penye hela. Neno maziwa lina maana moja zaidi, na hii mnunuzi wa kiwanda anaijua hata kama wewe huijui. Ni maana ya viwango. Kanuni za kimataifa za chakula, zile za Codex, ziliweka mwaka 1999 kwamba maziwa ni kile kinachotoka kwenye kiwele cha mnyama wa kukamwa, kwa kukama mara moja au zaidi, bila kuongezwa kitu na bila kutolewa kitu. Someni tena hapo mwisho. Bila kuongeza, bila kutoa. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Maziwa, na roho yake ni hiyohiyo: anayenunua maziwa apate maziwa.

Ndiyo maana huko Ulaya mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2017 kwamba kinywaji cha soya kisiuzwe kwa jina la maziwa. Hapa kwetu tunasema maziwa ya soya bila kufikiri, ila kwa nazi wazee walikuwa makini kuliko mahakama: wakaita tui. Hakuna Mswahili aliyewahi kuchanganya tui na maziwa.

Kwa nini wameweka na "bila kutolewa", si "bila kuongezwa" tu? Hapa ndipo penye ujanja wa sokoni. Maziwa ya ng'ombe ni maji kama asilimia 87 tayari, kwa hiyo mtu anajisemea nikiongeza kidogo nani atajua. Laktomita itajua, ila si mara zote. Maziwa mazuri yanasoma kati ya 26 na 32. Chukua yanayosoma 30, weka maji asilimia 10, yanashuka mpaka 27. Bado yamo ndani ya mstari! Halafu ukiengua mafuta ya juu, namba inapanda, maana mafuta ni mepesi. Ukiongeza maji inashuka. Mchezo huo wenye viwanda wanaujua kuliko wewe, ndiyo maana wanapima na mafuta. Kijana akikamatwa mara moja, jina lake linazunguka mkoa mzima. Mimi nimeshuhudia kikundi kizima kikikataliwa kwa ajili ya ndoo ya mtu mmoja.

Kitu kingine kuhusu laktomita ambacho kinawaonea wafugaji wa huku ziwani. Kipimo hicho kimetengenezwa kusoma maziwa yenye nyuzi 20. Yakiwa na joto zaidi, yanasoma chini kuliko ukweli. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 ongeza 0.2. Asubuhi ya Lituhi maziwa yako yakiwa na nyuzi 28, unaongeza 1.6. Yaliyosoma 27 ni 28.6. Bila hesabu hiyo, mfugaji mwaminifu wa ziwani anaonekana ameweka maji, na wa Mbinga juu anaonekana malaika. Nenda na kipimajoto chako. Na usipime maziwa yaliyotoka kukamwa sasa hivi, yana povu na hewa. Yaache kwanza yapoe na kutulia.

"Bila kuongezwa" ina upande mwingine ambao watu hawaufikirii: dawa. Ukimchoma ng'ombe antibayotiki, dawa inatoka kwenye maziwa. Hujaweka kitu kwenye ndoo, lakini umeongeza kitu kwenye maziwa. Soma lebo, kuna idadi ya siku za kusubiri, zihesabu kuanzia sindano ya mwisho, siyo ya kwanza. Wanaotengeneza mtindi watakugundua haraka, kwa sababu mtindi wa maziwa yenye dawa unagoma kuganda. Vijidudu vizuri vya mtindi vimekufa humo. Nako mteja hatasema "pole una ng'ombe mgonjwa", atasema umemtapeli.

Na dang'a je? Kwa mama wa mgahawa, dang'a si maziwa, na kwa mnunuzi yeyote makini pia si maziwa. Ina protini nyingi mno za kinga, na hizo zikipata moto zinaganda kama ute wa yai. Ndicho kilichotokea kwenye ile sufuria. Kijana hakuweka kitu. Alichopeleka kilikuwa safi kabisa, ila hakikuwa kile alichokiita.

Ndama wa ng'ombe huzaliwa bila kinga mwilini, maana kwa ng'ombe kinga ya mama haipiti kwenye kondo la nyuma kumfikia akiwa tumboni. Kinga yote iko kwenye dang'a. Na utumbo wake uko wazi kuipokea kwa muda mfupi tu. Tangu anapozaliwa unaanza kujifunga, na baada ya siku moja na usiku wake umefunga. Ukimpa dang'a keshokutwa ni chakula tu, kinga haiingii tena. Kwa hiyo lita mbili za kwanza aanze kuzipata ndani ya saa mbili, na nasema hivi kwa makusudi: ndani ya muda wa kutoka kuzaliwa mpaka umemaliza kupika ugali na kula. Asivuke muda wa kutoka asubuhi mpaka mchana akiwa hajapata. Kwa siku hiyo ya kwanza apate jumla ya moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 30, lita tatu. Asiponyonya mwenyewe, kama na chupa, mshikie.

Ukibakiwa na dang'a usiimwage. Weka kwenye chupa safi za lita moja, ugandishe kwenye friza ya mtu unayemwamini. Siku ng'ombe mwingine akizaa akafa, au akakosa maziwa, hiyo chupa ndiyo hazina. Yeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, si jikoni, maana umeshajua moto unaifanyia nini.

Kuuza anza lini? Wengi wanasema siku ya tano. Mimi nawaambia wangu siku ya saba, na jaribio ni rahisi: chemsha kikombe kimoja nyumbani. Kikishikana, bado ni ya ndama.

Kwa mama wa mgahawa nilikwenda mwenyewe, wiki ileile. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, umekuja kumtetea yule?" Nikamwambia nimekuja kujitetea mimi. Nikamweleza yote, pamoja na daftari, pamoja na saa sita. Alikaa kimya, halafu akacheka kidogo, halafu hakucheka tena nilipofika kwa ndama. Akasema, "Sasa si mngeniambia. Kijijini kwetu hiyo tulikuwa tunaila watoto." Akakubali kijana aanze kumletea, ila kwa masharti: wiki mbili za kwanza anachemsha kikombe mbele yake ndipo anamimina nyingine. Nikaona ni haki.

Kijana akakubali. Ng'ombe aliendelea kukamwa bila ndama, kazi ngumu, kwa sababu alikuwa amezoea kuteremsha akimwona ndama. Ilibidi kumsugua kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kumpa pumba wakati wa kukama mpaka akazoea. Lita zilikuwa chache kuliko alivyopanga. Mwaka huo hakulipa deni lote.

Mwezi uliopita ng'ombe amezaa tena. Dume safari hii. Nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri. "Afisa, kashanyonya dang'a, chupa mbili, bibi ndiye aliyemshika kichwa. Nimeandika muda." Nikamwuliza zilizobaki ziko wapi. Ziko kwenye friza ya duka la soda, kwenye chupa zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu DANG'A, na mwenye duka ameonywa asije akamuuzia mtu.

Laktomita yangu bado iko kwake. Nimemwambia akishanunua ya kwake arudishe, maana kikundi cha ng'ambo ya Ruhuhu wanaisubiri.